Nyuma ya Mtaa wa Waswidi

Ukitaka kugombana na Ragnfrid Storhaug, mwambie kwamba Hestvåg, mji wetu wa pwani ya Norwe, ni mji mdogo. Atakukubalia kwamba watu ni wachache, kwamba duka la maana ni moja na kwamba taa za kuongozea magari hatuna hata ya dawa. Halafu atakushika mkono akupeleke mpaka kwenye kibao cha kuingilia mjini, akusomeshe. Chini ya jina letu pameandikwa majina ya miji minne: mmoja wa Uswidi, mmoja wa Denmaki, mmoja wa Ufini na mmoja wa Aislandi. "Haya," atasema, "nitajie mji mdogo wenye ndugu wengi namna hii." Wengi wetu tumeshasomeshwa, na hakuna aliyepata jibu.

Watatu kati ya ndugu hao walikuja baadaye, wakifuata harufu ya chungu. Aliyetangulia ni Hyttbro, mji wa Uswidi ulioko kwenye misitu na machimbo ya shaba, na habari yake kila mtoto wa Hestvåg huijua kabla hajajua kufunga viatu. Mwaka wa arobaini, theluji ikiyeyuka, ndege za Wajerumani ziliuteketeza mji wetu kwa siku moja. Watu wakahamia kwenye mabanda ya kukaushia samaki. Kabla baridi haijawamaliza humo, watu wa Hyttbro, wachimba madini ambao wenyewe hawakuwa na cha kutupa, wakatuletea nyumba. Si pesa za nyumba. Nyumba zenyewe, ubao kwa ubao, kila ubao na namba yake, zikaja kwa treni na kisha kwa meli, pamoja na mapipa ya ile rangi yao nyekundu. Zikasimamishwa mtaa mzima, na mtaa ukaitwa Mtaa wa Waswidi mpaka leo.

Vita vilipokwisha, miji hiyo miwili ikatia saini urafiki, na tangu hapo kila baada ya miaka michache ama wao huja kwetu ama sisi huenda kwao. Tunakula, tunaimba, tunataniana. Maana Mnorwe na Mswidi ni watani wa jadi: mmoja akiteleza, mwingine hucheka kwanza ndipo ampe mkono.

Ragnfrid alizaliwa kwenye nyumba ya tatu ya mtaa huo na yumo humo mpaka sasa. Ni mwalimu wa muziki aliyestaafu, mwanamke mrefu, mgongo umenyooka, asiyependa kukosolewa na mtu, na Mswidi ndiye wa mwisho kabisa anayeweza kumkosoa. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya urafiki. Tena ndiye aliyeiongoza bendi ya mji, akitembea mbele na fimbo yake, na bendi ilimfuata popote alipogeuka. Jambo hilo lina maana katika habari hii.

Basi mwaka ule wageni waliwasili Ijumaa alasiri mwezi wa Juni, basi moja limejaa Waswidi na vikapu. Wa kwanza kushuka alikuwa Gunvor Lindstubbe, mwenyekiti wa upande wao, mfupi, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe msituni. Yeye na Ragnfrid walikuwa wamejuana zaidi ya nusu ya umri wao, na jambo pekee walilowahi kukubaliana ni kwamba kahawa iwe kali.

"Ragnfrid, kumbe bado upo," Gunvor alisema. "Nilidhani samaki wamekwisha, watu wakakula wewe."

"Shuka taratibu, shoga. Ngazi ya basi haikutengenezwa kwa watu wanaokula keki asubuhi."

Watu wakacheka, bendi ikapiga, wageni wakapelekwa kwenye nyumba ya kulala wageni kule bandarini kama kawaida. Jioni, baada ya supu ya nyama, Gunvor akaja kwa Ragnfrid kunywa kahawa, kama kawaida pia. Aliingia kwa mlango wa mbele, akakalishwa sebuleni, akawekewa maandazi ya mdalasini. Akala moja tu, wala hakulikosoa. Hapo Ragnfrid akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Una nini wewe? Unaumwa?"

"Siumwi." Gunvor alikizungusha kikombe chake juu ya kisahani. "Nina neno, na sitaki kulisema kesho mbele ya watu kabla sijakuambia wewe. Huenda hii ndiyo safari yetu ya mwisho."

Ragnfrid akacheka. Aliona ni utani. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Baraza letu wanataka kuufunga urafiki," Gunvor aliendelea. "Wanasema ni mambo ya wazee, ya bendi na supu. Vijana wetu hata hawaijui Hestvåg iko wapi. Ila wameniachia mimi neno la mwisho. Wameniambia, Gunvor, wewe ndiye unayewajua watu wale. Ukirudi, utuambie tuendelee au tuache."

"Basi si yamekwisha? Utawaambia tuendelee."

"Nitawaambia kwa nini, Ragnfrid? Nimewatetea nyinyi miaka na miaka. Nimechoka."

"Kututetea! Tumewafanyia nini?"

Gunvor alinyosha kidole kuelekea dirishani, kwenye nyumba za ng'ambo ya barabara, zote nyeupe, safi, zimepangana na kung'aa katika jua la jioni.

"Hiyo nyeupe," alisema. "Baba yangu ndiye aliyeichemsha ile rangi nyekundu ya nyumba hizi. Mapipa yote. Alikesha pale kwenye karakana ya machimbo, kwa kuwa alisema watu waliounguliwa wasiletewe rangi ya kubahatisha. Mwaka wa hamsini na nane akaja hapa kwa mara ya kwanza, amenishika mkono, nina miaka minane. Njia nzima ananiambia, utaona, utaona mtaa mwekundu kama wa nyumbani. Tukatokea pale kwenye kona. Mtaa mzima mweupe. Hakusema kitu. Alikunywa kahawa yenu, akaimba nyimbo zenu, akarudi, na hakuja tena. Mimi nilikuwa mtoto, lakini mkono wake niliusikia ulivyolegea. Mlipewa nguo mkaigeuza kwa kuionea aibu. Sasa wewe ungekuwa mimi, ungewatetea mpaka lini?"

Ragnfrid alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa hatua chache tu kutoka pale walipokaa, upande wa pili wa jiko. Lakini halikutoka, na Gunvor akashukuru kwa kahawa, akachukua koti lake, akaondoka kwa mlango wa mbele.

Sasa jibu lenyewe ni hili. Huku pwani kwetu nyeupe ilikuwa ghali na nyekundu ilikuwa ya bei nafuu. Mwenye nyumba nyeupe alikuwa mtu. Basi kwenye miaka ya hamsini, samaki walipokuwa wengi na watu wamepata nafasi ya kupumua, akina baba wa Mtaa wa Waswidi walijikamua wakanunua nyeupe, na kwa kuwa haikutosha wakapaka upande wa mbele tu, ule unaotazamwa na wapita njia. Nyuma, kunakotazama mwamba, pakabaki pekundu. Huko ndiko kwenye kamba za nguo, viazi, mabanda na takataka za kila nyumba, na mgeni hapelekwi huko. Ndiyo maana miaka yote hiyo hakuna Mswidi aliyewahi kuuona mgongo wa mtaa waliotupa wenyewe.

Na kuwaambia, nani awaambie? Kusema kwamba nyuma bado ni nyekundu ni kukiri kwamba mbele ni ya kuringia, na kwamba tuliringa kwa kitu ambacho hata hakikututosha kuizungusha nyumba. Baba zetu wakanyamaza, nasi tukarithi kimya pamoja na nyumba. Halafu pesa zikaja, hata kuzidi. Mtu angeweza kupaka nyeupe nyumba nzima mpaka banda la kuni. Hakuna aliyefanya hivyo. Kila baada ya miaka kadhaa kila nyumba ilichemsha rangi nyekundu uani kwake ikapaka mgongo upya, na ukiuliza sababu utaambiwa, "Aa, nyekundu ni rahisi." Uongo mtupu. Waliipenda, na waliona haya kusema.

Ragnfrid alitoka kwa mlango wa nyuma akasimama mbele ya ukuta wake. Aliupaka mwenyewe kiangazi kilichopita, juu ya ngazi, na magoti yake yanayolalamika. Alimwonea uchungu yule mzee Mswidi aliyekunywa kahawa yao akanyamaza. Kisha akamwonea uchungu baba yake mwenyewe, aliyempa mzee huyo kahawa hiyo kwenye sebule hiyo hiyo, na nyekundu yake ikiwa nyuma ya ukuta, na akanyamaza vilevile.

Jirani yake, Oddvar, alikuwa uani kwake akitengeneza mitego ya kaa. Oddvar alikuwa fundi wa meli, mjane, mpole, na ua wake ulikuwa fedheha ya mtaa mzima. Alikuwa na majokofu mabovu, beseni la kuogea lililoota majani ya rubabu, injini ya mashua aliyoahidi kuitengeneza tangu mke wake akiwa hai, na matairi ambayo hakuna aliyejua ni ya gari gani.

"Oddvar," Ragnfrid alisema, "kesho bendi nitaipitisha huku nyuma."

Oddvar aliuweka mtego chini. "Huku wapi?"

"Huku. Badala ya kushuka na barabara mpaka uwanjani, tutageuka kwenye nyumba ya kwanza, tupite nyuma ya nyumba zote, tutokee chini kule."

"Na Waswidi?"

"Si ndio watakaokuwa nyuma ya bendi?"

"Wewe mama umepungukiwa na nini leo?" Oddvar aliuangalia ua wake kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. "Mimi nguo zangu za ndani ziko kwenye kamba."

"Zianue."

"Na majokofu niyaanue?"

Ragnfrid akamweleza yote: habari ya baraza, ya baba yake Gunvor, ya mkono uliolegea. Oddvar alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Si ungemwambia tu pale pale? Maneno mawili. 'Nyuma ni nyekundu.' Basi."

"Ningemwambia angeona namtungia. Kwa maneno tumeshaimba sana, miaka mingapi? Na mimi nikimwambia, Oddvar, nitamwambia kwa kiburi. Najijua. Nitamwambia kama ninayemshinda."

"Watu wa mtaa watakuua. Mama Solbjørg wa pale mwanzo hata mwanawe hamruhusu kuuona ua wake."

"Wataniua baadaye."

"Na kama wakituona tulivyo, na takataka zetu, halafu bado wakaondoka?" Oddvar aliuliza taratibu. "Hapo tutakuwa tumepoteza vyote viwili, rafiki na heshima."

Ragnfrid alisimama kidogo akiitazama ile safu ya kuta nyekundu zikishuka mpaka chini, na nguo za watu zikipepea mbele yake.

"Nyumba njema si mlango," Oddvar alisema mwishowe, akainama kuokota tairi. "Njoo unisaidie na hili jokofu, angalau tuligeuze mgongo."

Asubuhi kulikuwa na upepo mwembamba na jua. Bendi ilijipanga upande wa juu wa mtaa, matarumbeta mbele, ngoma kubwa nyuma, kisha meya na mkufu wake wa cheo, kisha Waswidi na bendera zao, kisha mji mzima. Gunvor alikuwa mstari wa kwanza wa wageni, amevaa vazi la kwao, uso umefungwa. Kwapani alibeba bahasha ya hotuba. Ragnfrid aliiona, akajua ni ya kuaga.

Akainua fimbo. Bendi ikaanza. Wakateremka wakipita nyumba ya kwanza kwa mbele, na hapo, badala ya kwenda moja kwa moja, Ragnfrid akakata kushoto.

Wapiga matarumbeta walimfuata bila kufikiri, kama walivyofundishwa na yeye mwenyewe tangu wakiwa shuleni. Meya alisita, akatazama barabara tupu mbele yake, akatazama bendi yake ikipotea kati ya nyumba na banda, akakimbia kuifuata huku ameshika mkufu. Nyuma yake Waswidi wakageuka, na mji ukageuka.

Ilikuwa njia ya mtu mmoja mmoja. Ngoma kubwa ilikwama kati ya banda na tangi la maji, ikabidi isukumwe. Mpiga filimbi alipita chini ya shuka la Mama Solbjørg akatokea ng'ambo bila kukosa noti. Watu walikanyaga viazi. Kuku wa mtu walitawanyika. Mama Solbjørg alikuwa kwenye dirisha la jiko lake, mikono kichwani, akisema, "Ragnfrid! Ragnfrid, unatufanya nini?" Ragnfrid alisikia, masikio yakamchemka kwa aibu, lakini maji ameshayavulia nguo. Akazidi kuinua fimbo juu. Walipita majokofu ya Oddvar, yaliyogeuzwa mgongo na bado ni majokofu. Oddvar mwenyewe alisimama mbele ya beseni lake la kuogea kwa heshima zote, kofia mkononi.

Kisha kelele zikaanza kupungua nyuma yake. Kwanza Waswidi waliacha kucheka. Halafu ngoma ikanyamaza, halafu matarumbeta, moja baada ya jingine, bila Ragnfrid kushusha fimbo. Akageuka kuona.

Waswidi walikuwa wamesimama kwenye viazi vyake wakitazama juu. Nyumba zote, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, zilikuwa nyekundu. Nyekundu ya kwao, ile ile, ya banda la babu na ya shule na ya kanisa. Mzee mmoja wa Hyttbro alikuwa amevua kofia.

Gunvor alitoka kwenye mstari, akauendea ukuta wa Ragnfrid. Aliukaribia sana, kama mtu asiyeona vizuri.

"Nani amepaka hapa?"

"Mimi. Kiangazi kilichopita."

"Na kabla yako?"

"Baba. Na kabla ya hapo ni rangi ya baba yako. Huku nyuma haijawahi kuwa rangi nyingine, Gunvor. Nyeupe ni mbele tu. Ilikuwa ghali, haikutufikia, na tukaona haya kuwaambia." Alikuwa amepanga kuyasema maneno hayo kwa kichwa kilichoinuliwa, na badala yake machozi yalimtoka mbele ya bendi yake. "Ilipotufikia, hatukuitaka tena."

Gunvor akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo, na mabega yake mapana yakashuka. Watu wa Hestvåg walioona walitazama pembeni, kwa adabu. Ragnfrid alingoja. Aliona kwamba jibu lolote litakalokuja sasa atalipokea, hata likiwa la kuaga, kwa kuwa angalau litakuwa limejibu kitu cha kweli.

Ndipo Gunvor akakitoa kiganja chake akakiangalia. Kilikuwa chekundu. Akasugua kidole gumba juu yake. Akanusa. Uso wake ukabadilika.

"Ragnfrid. Hii rangi inatoka."

"Inatoka kidogo, ndiyo. Nyekundu hutoka."

"Haitoki. Ikichemshwa inavyotakiwa haitoki. Mnachemsha na unga gani?"

"Unga tu," Ragnfrid alisema. "Unga wa jikoni. Wa ngano."

"Wa ngano."

Gunvor aliwageukia watu wake. "Mmesikia? Wa ngano. Miaka yote hiyo." Akamgeukia tena Ragnfrid, na ile sauti ya kuita ng'ombe ikarudi, yote. "Ni unga wa rai, mwanamke! Wa mkate mweusi! Nani kakwambia rangi ya baba yangu ni keki? Na moto je? Unachemsha mara moja unaepua, si ndiyo? Nimeshajua. Naona hapa, na hapa. Angalia pale juu ulivyopitisha brashi. Hivi mlikuwa mnangoja nini, kuuliza? Mlishindwa hata kuuliza?"

Ragnfrid, ambaye hakuwahi kukubali kosa lake mbele ya Mswidi, alisimama wima akakaripiwa. Alikaripiwa mbele ya meya, mbele ya wanafunzi wake wote wa zamani, mbele ya kamba yake ya nguo, na hakuwahi kuona fahari kubwa namna ile maishani mwake. Nyuma yake Oddvar alikuwa anacheka huku anajifuta macho kwa kofia.

"Na yule je, mwenye majokofu?" Gunvor alisema.

"Ngano," Oddvar alijibu. "Wote ngano, mama. Mtaa mzima."

Gunvor aliichomoa ile bahasha kwapani. Akaitumia kufuta kiganja chake, pande zote mbili, taratibu, mpaka ikawa haisomeki tena.

"Baraza letu wasubiri," alisema. "Watu wa namna hii hawaachwi peke yao. Mwakani naja na sufuria ya baba na gunia la rai, na nitaleta vijana wa kushika ngazi, wajifunze na wao. Nyumba zote hizi haziishi kiangazi kimoja." Akamtazama Ragnfrid. "Na sitaki tena kulala bandarini. Nitalala humu, nikuone kwa macho yangu unavyochemsha."

"Chumba kilichopo ni cha nyuma," Ragnfrid alisema. "Kinatazama uani."

"Ndicho ninachokitaka," Gunvor alisema.